Mtoto ninayemlea amesoma daftari langu, sasa haniiti tena mama

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mlezi wa kambo. Mwaka mmoja na miezi minne sasa nalea binti wa miaka tisa ambaye watu wa ustawi wa jamii walimleta kwangu usiku, na mfuko mmoja wa nguo na kiatu cha mguu mmoja. Jina lake silitaji. Nina pia mwanangu wa kumzaa, wa miaka kumi na miwili.

Kazi hii, kama ni kazi, ina masharti yake. Kila jioni naandika kwenye daftari: ameshindaje, amesema nini, ameumia wapi. Kila mwezi afisa ustawi anakuja, analisoma, anaondoka na nakala. Kwenye mafunzo tuliambiwa mambo mawili ambayo mpaka leo hayajakaa pamoja kichwani mwangu. La kwanza, mpende kama wako. La pili, kumbuka si wako.

Miezi ya mwanzo hakuniita chochote. Alikuwa anangoja nimtazame ndipo aseme. Kisha asubuhi moja, akihangaika na kifungo cha sare, akasema bila kugeuka, "Mama, hiki hakiingii." Nilimfunga kifungo, nikaenda chooni nikalia huku bomba linamwaga maji asinisikie. Jioni niliandika: "Leo mtoto ameniita mama."

Miezi miwili iliyopita, taa imeshazimwa, alininong'oneza kwamba ana jambo, ila niape sitamwambia mtu. Nikaapa. Niliapa kama mzazi yeyote anavyoapa, bila kufikiri. Akaniambia jinsi mwanamume aliyekuwa akiishi na mama yake alivyokuwa akimfungia nje usiku, na mengine ambayo siyaandiki hapa. Kulipokucha nikampigia afisa. Mafunzo yalisema wazi, na hata yasingesema, nisingeweza kunyamaza. Nikayaandika yote daftarini, kwa maneno yake alivyoyatamka. Yeye sikumwambia kitu. Nilijiambia nitamweleza mambo yakitulia.

Wiki mbili zilizopita nililisahau daftari juu ya cherehani. Natoka kuoga namkuta kaketi sakafuni analisoma, kidole kikifuata mstari. Aliyaona maneno ya usiku ule. Aliona na ukurasa wa Jumamosi ya karibuni, nimeandika: "Mtoto amekuwa mkaidi baada ya mama yake kuondoka. Amekojoa kitandani, mara ya tatu wiki hii. Anatafuta kuonewa huruma." Hakulia. Aliinua kichwa akauliza, "Kwani mimi ni kazi yako?" Halafu akauliza, "Unalipwa?" Nikashikwa na kigugumizi. Nikamwambia asiguse vitu vya watu wazima. Najua, Shangazi. Najua.

Tangu siku hiyo haniiti mama. Na amezua jambo linalonimaliza: anajitaja kama daftari linavyomtaja. "Mtoto ameoga." "Mtoto amemaliza hesabu." Jana nilipomfunika shuka alifumba macho akasema, "Mtoto amelala saa tatu kasorobo. Andika."

Mwanangu naye amenuna. Anasema mimi siku hizi ni wa simu na vikao, na kwamba labda naye afunguliwe daftari ndipo nitamwona.

Mwezi ujao kuna kikao cha kuamua kama binti arudi kwa mama yake. Mama ameachana na yule mwanamume, ametimiza aliyoagizwa, na huja kumwona kila Jumamosi. Afisa ameniomba maoni yangu kwa maandishi. Ukweli ni kwamba sitaki aende. Nilipomwambia hivyo nilitokwa na machozi, binti akiwa chumba cha pili, na afisa akanijibu, "Dada, wewe ni mtaalamu, usijishikize sana." Shemeji yangu ana lake: "Ungekuwa mama kweli usingemchongea."

Mimi ni nani kwa mtoto huyu? Na nimwambie nini?

Mlezi niliyekwama

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya yote, nimeondoa mambo mawili kwenye barua yako. Jina hukulitaja, lakini shule uliitaja, na tarehe ya kikao pia. Sikulaumu. Nalisema kwa sababu linanionyesha unavyokwenda: uchungu ukikuzidi, mzazi anashika kalamu na mtaalamu anasahaulika. Kwenye kile kiapo cha gizani ilikuwa vivyo hivyo. Pale sakafuni ikawa kinyume chake: mtoto alimuuliza mzazi swali, akajibiwa na kanuni za nyumba.

Tuanze na kiapo, maana kidonda kipo hapo. Kumwambia afisa hukukosea hata kidogo, na shemeji yako mwache aseme. Mama gani anasikia mtoto alifungiwa nje usiku akakaa kimya? Ulikosea kuapa, kisha ukakosea kunyamaza ulipokivunja kiapo. Mtoto huyu amekwisha kuishi na watu wazima wanaosema hili na kufanya lile. Ulichomfanyia wewe, kwa nia njema kabisa, kwake kina sura ileile. Walezi wazoefu huwa na jibu tayari mtoto akisema "usimwambie mtu": "Hilo siwezi kukuahidi. Kama ni jambo linalokuumiza itabidi nimwambie mtu wa kutusaidia, na nitakuambia ni nani na lini." Mlezi huogopa kwamba mtoto akisikia hivyo atafunga mdomo. Wapo wanaoufunga, tena kwa siku nyingi. Bora hivyo kuliko aseme kwa sababu umemdanganya.

Sasa ni kuomba radhi, na uiombe kwa lililo kosa tu. Usimwambie "samahani nilimwambia afisa," maana siku akipatwa na lingine zito atajua kusema ndilo kosa. Mwambie kwa maneno yako kitu kama hiki: "Nilikuahidi jambo ambalo sikupaswa kuahidi. Nikaenda kinyume na ahadi, na sikukuambia, ukaja kuyakuta mwenyewe. Hilo nimekosa mimi. Kutafuta msaada nisingeacha, kwa sababu ulikuwa unaumizwa." Halafu nyamaza. Usimtake akusamehe, usimuulize kama yameisha. Wala usimkalishe kitako kama mshtakiwa. Mwambie mkiwa mnakunja nguo au mnatembea, apate pa kuweka macho.

Kuhusu kulipwa, jibu ni ndiyo. Mweleze posho inatoka kwa nani na inagharamia nini. Ukishamaliza usiongeze "lakini nakupenda kuliko pesa zote." Mtoto wa miaka tisa anaisikia hiyo "lakini."

Wewe mwenyewe pia uache kulionea haya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Bucharest, Romania, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakikulia katika makao ya watoto. Nusu yao walichaguliwa kwa bahati nasibu wakapelekwa kwa walezi wa kambo. Walezi hao walilipwa, wakitembelewa na maafisa ustawi mara kwa mara, na walihimizwa wawachukulie watoto kama wao. Watoto wale walifungamana na walezi wao vizuri kuliko wenzao waliobaki kwenye makao, hasa waliopelekwa kabla ya kufikisha miaka miwili hivi. Wako ni mkubwa kuliko wale, kwa hiyo sisemi mambo yatakwenda sawasawa na yao. Nasema tu malipo hayakuwazuia watu wale kuwa wazazi, wala kutembelewa na maafisa hakukuwazuia.

Ndiyo maana ushauri wa "usijishikize" siukubali, ingawa naamini afisa wako alisema kwa huruma. Mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Dozier, amewahoji walezi wa kambo kwa miaka, akitaka kujua jambo moja hasa: mtoto huyu unamwona wako, au mgeni anayepita? Alikuta kwamba mlezi akijitoa kwa mtoto, mtoto huwa hahamishwihamishwi ovyo. Alikuta pia kwamba waliokwisha kulea watoto wengi walielekea kujitoa kidogo zaidi. Naelewa. Ukishaaga watano, wa sita unampokea ukiwa umesimama nusu nje ya mlango. Lakini mtoto anayekuja na kiatu cha mguu mmoja anaujua mlango huo kabla hujafungua mdomo.

Kwa hiyo jishikize. Cha kuchunga ni machozi yako yanamwagikia wapi. Denmark, wanaosomea kazi ya malezi hufundishwa kutenganisha pande tatu za mlezi: mtaalamu, yaani kwa nini nafanya hili ninalolifanya, mtu, yaani mimi nilivyo, ninavyocheka, ninavyokukumbatia, na faragha, yaani yale ambayo mtoto hapaswi kuyabeba. Uliyekuwa ukimfunga kifungo ulikuwa mtu, na hapo hapakuwa na kosa. Uliyelia chooni bomba likiwa wazi ulikuwa kwenye faragha, na ulijua bila kufundishwa. Uliyelia mbele ya afisa, ukuta mmoja kutoka kwa binti, uliisahau mipaka hiyo. Yeye huenda alisikia kwamba akirudi kwa mama yake atakuwa amekuliza. Mzigo huo si wa mtoto. Lia kwangu, lia kwa mlezi mwenzio, muombe afisa mkutane nje ya nyumba.

Sasa daftari. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona ndipo swali lako la "mimi ni nani" linapojibiwa, si kwenye mafunzo.

Chukua ule ukurasa wa Jumamosi. "Amekojoa kitandani" ni jambo lililotokea. "Mkaidi" ni hasira yako. "Anatafuta kuonewa huruma" ni hukumu, tena ya mtu aliyechoka. Kabla ya kukujibu hapa nilikuandikia nikakuuliza: ukaidi huo ulikuwaje? Ulinijibu kwenye ule ujumbe wako wa pili: mama alipoondoka, binti alisimama dirishani, ukamwita kuoga mara tatu asigeuke. Basi andika hivyo. "Mama yake aliondoka saa kumi. Alisimama dirishani karibu nusu saa. Nilimwita kuoga mara tatu, hakugeuka. Nilipokwenda kusimama naye alinishika mkono. Usiku alikojoa kitandani, mara ya tatu wiki hii. Zote tatu zimefuatia simu au ujio wa mama." (La mkono nimelitunga mimi. Kama hukwenda kusimama naye, Jumamosi ijayo nenda.)

Ona kilichotokea. Afisa sasa anapata kitu cha kufanyia kazi, maana anaona mpangilio, na "mkaidi" ilikuwa imeuficha. Wakati huohuo, binti akiusoma ukurasa huo anakuta kwamba kuna mtu alimwona pale dirishani. Ni maandishi ya mtaalamu kuliko yale ya kwanza, na ni ya mama kuliko yale ya kwanza. Mimi sioni hao watu wawili wanagombana wapi. Waliogombana ni uchovu wako na kalamu.

Tena kumbuka atalisoma. Hili la sakafuni limekuja mapema tu. Katika nchi nyingi mtu aliyelelewa chini ya ustawi wa jamii anaweza akikua kuomba faili lake, na wapo wanaoliomba, wakitafuta utoto wao humo, kwa kuwa hawana shangazi wala albamu ya kuwasimulia. Uingereza baadhi ya maafisa wameanza kuandika kumbukumbu wakimsemesha mtoto mwenyewe: leo ulikuja, ulisema, tuliamua. Muulize afisa wako kama anaruhusu jambo la namna hiyo. Asiporuhusu, angalau acha kumwita "mtoto" kama mzigo uliopokelewa stoo. Tumieni herufi ya jina lake au jina mtakalokubaliana. Andika pia siku alizocheka. Faili lenye kukojoa na ugomvi peke yake ni uongo, hata kama kila mstari wake ni kweli.

Yale yako, jinsi moyo ulivyokwenda alipokuita mama, yatafutie daftari jingine ambalo hakuna afisa anayelisoma. Na yote mawili yakae ndani ya kabati lenye kufuli. Juu ya cherehani hapana. Mwenye haki ya siri za binti yule ni binti yule, na kesho angeweza kuingia jirani.

Ile "Mtoto amelala, andika," wewe umeisikia kama kisu. Mimi naisikia kama mtoto ambaye bado anaongea na wewe, na ameshachagua maneno yanayokuingia. Aliyekata tamaa hakuambii uandike. Akirudia, keti ukingoni mwa kitanda umwambie, "Leo sitaki kuandika hivyo. Wewe ungependa niandike nini?" Pengine atakugeuzia mgongo. Uliza tena kesho yake. Akitoa hata sentensi moja, iandike ilivyo, umsomee.

Neno "mama" usilidai. Lugha yetu imekupa cheo kigumu: kabla binti hajakujua alikwisha kusikia ngano za mama wa kambo na mateso yake. Tena mama anaye, na huja Jumamosi. Alilitoa mwenyewe akiwa na haraka ya kifungo, labda bila kujua amelitoa. Mwambie mara moja tu kwamba anaweza kukuita atakavyo, hata kwa jina lako, kisha uliache.

Kikao. "Sitaki aende" ni hisia halali, na unaweza kuisema humo ndani kwa jina lake: hii ni hisia yangu. Usiivalishe nguo za ushahidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuendelea kuonana naye, isipokuwa kama kuonana huko kunamdhuru, na unampa haki ya kusikilizwa kwenye mambo yanayomhusu. Miongozo ya Umoja huohuo ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inataka kumwondoa mtoto kwao kuwe kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana. Maana yake, mlezi wa kambo anaingia kwenye kazi ambayo mara nyingi mafanikio yake ni kuagana. Ni kazi ya ajabu, sikufichi.

Peleka ulichokiona: Jumamosi kabla na baada, usingizi, maneno yake. Na ukisome kwa haki. Mtoto anayesimama dirishani nusu saa anaweza kuwa na hofu, lakini anaweza pia kuwa anamtamani mama yake, na nadhani hilo la pili ndilo lililokuuma ukaliita ukaidi. Kisha uliza maswali ambayo yeyote anayempenda angeuliza. Yule mwanamume akirudi na kubisha hodi, nani atajua? Binti atampigia nani usiku? Kuhama kutakwenda kwa hatua, wikiendi moja kwanza, au atabebwa siku moja kama alivyoletwa? Atafutwe pia mtu mwingine wa kumsikiliza anataka nini, kwa sababu mbele yako na mbele ya mama yake anaweza akawa anawalinda nyote wawili.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Waingereza James na Joyce Robertson waliwachukua nyumbani kwao, kwa nyakati tofauti, watoto wanne wadogo ambao mama zao walikuwa hospitalini. Waliwahudumia kwa mapenzi yote, na kwa makusudi wakaendelea kumzungumzia mama na kuonyesha picha yake. Kwao kumlea mtoto na kumtunzia mama yake ilikuwa kazi moja. Je, nyumbani kwako ipo picha ya mama wa binti? Kama haipo, iombe Jumamosi hii, aiweke anapotaka yeye. Na mama huyo anza kumwambia mambo madogo ambayo nyaraka hazisemi: anapenda kulala upande gani, anaogopa sauti gani. Siku ya kuondoka ikija, atakayekukaribisha kumtembelea binti ni yeye, si afisa.

Mwanao ana haki ya kununa. Hakuulizwa kama anataka kuishi kwenye nyumba yenye vikao, na dada huyu akiondoka, mwanao naye atafiwa kwa namna yake. Mpe muda ambao simu imezimwa kabisa, na umweleze yanayomhusu yeye bila kumpa siri za binti.

Binti akienda, utaomboleza, na watu watakuambia "si ulijua ni wa muda?" Mtaalamu wa masuala ya msiba Kenneth Doka aliliandikia jambo hili mwaka 1989: huzuni ambayo jamii haikupi ruhusa ya kuwa nayo. Jipe ruhusa mwenyewe. Afisa akikupigia wiki hiyohiyo kwamba kuna mtoto mwingine, mwambie bado.

Kufuli nunua leo. Radhi usiisubirishe kikao kipite. Niandikie mkishatoka, bila tarehe wala jina la shule.

Shangazi